Noeli Kampemba: Columbo yupo kwenye flashi, Mufwankolo yuko wapi?

Noeli na Bonane zimekaribia, na katika komini ya Kampemba, kuanzia Bel-Air hadi Bongonga, kila nyumba inapiga hesabu zake: kuku, mchele, mafuta, kinywaji cha wageni, nguo mpya za watoto. Kwa watoto hakuna shida, wao husema wanachotaka tangu mwezi wa kumi. Shida iko kwa wazee. Nkambo aliyevuka miaka 70, ukimuuliza anataka zawadi gani, jibu lake ni lile lile kila mwaka: "Mi sina lazima ya kintu, mukuye tu." Basi anapewa kitenge kingine au shati lingine. Anashukuru, anakunja, anaweka kwenye sanduku juu ya yale ya mwaka jana.

Kuna zawadi nyingine inayostahili kufikiriwa mwaka huu, nayo ni filamu za zamani za wapelelezi, zile zilizokuwa zikikusanya familia mbele ya televisheni jioni. Kijana anapeleka flashi kwa wale wanaopakia muziki na filamu, anaomba Columbo, Derrick, Maigret au Navarro, na siku ya sikukuu anaichomeka kwenye televisheni ya wazazi. Kwa bei ni zawadi ndogo, lakini inaweza kumfungua mdomo mzee ambaye kwa miezi amekuwa akijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Sharti ni kwamba itolewe inavyofaa. Pia inaacha swali ambalo mji wa Lubumbashi haupaswi kulikwepa.

Kwa nini wazee wanawakumbuka wapelelezi hawa

Kwanza, vijana wafahamu ni kitu gani wanachonunua. Columbo ni filamu ya Marekani. Ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1968, ya mwisho mwaka 2003, na kwa jumla ni filamu 69. Peter Falk, aliyecheza luteni huyo, alifariki mwaka 2011. Derrick ni ya Ujerumani: filamu 281 kati ya mwaka 1974 na 1998, zilizouzwa katika nchi zaidi ya 100. Maigret, kamishna wa polisi wa Paris aliyetungwa na mwandishi Mbelgiji Georges Simenon, alichezwa kwenye televisheni ya Ufaransa na Jean Richard, kisha na Bruno Cremer. Navarro alianza mwaka 1989, akichezwa na Roger Hanin, mzaliwa wa Algiers.

Watu hawa wote wanafanana katika jambo moja: si mashujaa wa kurusha ngumi. Derrick anaongea polepole, anauliza, anasikiliza. Maigret anavuta kiko na kukaa kimya hadi mtu mwingine ashindwe kuvumilia kimya hicho. Columbo anavaa koti la mvua lililochakaa na kuendesha Peugeot 403 iliyochoka, gari la ukoo ambao barabara za Kongo zinaujua vizuri. Anazungumza kuhusu mke wake ambaye haonekani kamwe, anaaga, anafika mlangoni, kisha anageuka na swali moja la mwisho. Swali hilo ndilo linalomwangusha muuaji.

Muuaji wa Columbo kwa kawaida ni mtu mkubwa: daktari, wakili, mwenye kampuni, msanii tajiri. Mtazamaji anamjua tangu mwanzo. Hakuna fumbo la nani aliua. Raha yote ni kuona jinsi yule wa koti bovu, anayedharauliwa hadi na watumishi wa nyumba, anavyomfikia yule wa nyumba kubwa. Mtu hahitaji shahada kuelewa kwa nini hadithi ya namna hiyo ilishika mioyo katika mji wa migodi, mji uliojengwa kwa mpangilio wa nani ni mkubwa na nani ni mdogo, nani anaishi wapi na nani anapita mlango gani.

Kuna sababu ya pili. Katika filamu hizi, kesi inaisha. Baada ya saa moja au saa moja na nusu, ukweli umesemwa kwa sauti na mtu mwenye kosa amejulikana. Nje ya televisheni mambo hayaendi hivyo. Familia iliyovamiwa usiku na wezi wenye silaha inapiga ripoti, OPJ anaandika, kunatakiwa pesa ya karatasi, pesa ya usafiri, kisha dosie inalala parke. Tangazo ni lile lile: uchunguzi unaendelea. Lubumbashi ina hata dosie kubwa kuliko hizo. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Zaidi ya miaka 30 imepita, na idadi ya waliokufa bado inabishaniwa. Mzee aliyeyaona hayo, anapomtazama Derrick akifunga kesi yake, hatazami mchezo wa Wajerumani peke yake. Anatazama jambo ambalo alilisubiri hapa na halikufika.

Sababu ya tatu ni ya nyumbani. Televisheni zilikuwa chache, na katika nyumba nyingi ile ya kwanza ilinunuliwa kwa mshahara wa Gécamines au wa shirika la reli. Watoto wa majirani walijaa sebuleni, wengine wakasimama dirishani. Sinema ilikuwa kwa Kifaransa, na si kila mtu alikielewa, kwa hiyo mtoto aliyesoma alikuwa mkalimani: alimweleza mama mukubwa kwa Kiswahili kilichosemwa, akiongeza chumvi yake. Kisha mwaka 2003 Gécamines iliwaachisha kazi zaidi ya watu 10,000 katika ule mpango ulioitwa "départ volontaire". Mishahara ikakatika, watoto wakatawanyika: Kolwezi, Likasi, Johannesburg, Brussels. Mara nyingi kilichobaki ni nyumba, picha ukutani, na kumbukumbu ya sebule iliyojaa watu.

Zawadi ni kukaa

Hapo ndipo wengi watakosea Noeli hii. Wataleta flashi, wataichomeka, wataonyesha kitufe cha kubonyeza, kisha watatoka nje kuwafuata wenzao kwenye muziki. Nkambo atabaki peke yake mbele ya Columbo, kama alivyobaki peke yake mbele ya ukuta mwezi wa kumi na moja. Kitu alichokikosa si sura ya Peter Falk. Alikosa watu walioketi kushoto na kulia kwake wakibishana kama muuaji atashikwa au hatashikwa.

Kwa hiyo anayetoa zawadi hii ajue kwamba anatoa pia jioni yake. Filamu moja na watu wanne sebuleni ina faida kuliko filamu 281 na mzee mmoja. Mjukuu akae karibu. Aulize: wakati huo mulikuwa munaishi wapi? Televisheni ilikuwa ya nani? Nani alikuwa akitafsiri? Na kama nkambo haelewi Kifaransa vizuri, mjukuu achukue kazi ile ya zamani ya ukalimani. Watoto wengi wa Kampemba leo wanasoma Kifaransa shuleni, wanaongea Kiswahili nyumbani, na hawajawahi kuombwa kuunganisha viwili hivyo kwa faida ya mtu. Wataona kwamba si kazi rahisi, na wataona pia jinsi mzee anavyofurahi kuambiwa jambo na mtoto.

Yapo pia mambo madogo ya kuangaliwa kabla ya kulipa. La kwanza ni lugha. Columbo anayejulikana hapa anaongea Kifaransa, kwa sauti ya Serge Sauvion, mwigizaji Mfaransa aliyempa luteni huyo sauti kwa miaka mingi. Ukimletea mzee nakala ya Kiingereza yenye maandishi chini ya picha, umemletea mtu asiyemjua, tena amsome kwa macho yaliyochoka. Derrick pia atafutwe kwa Kifaransa, si kwa Kijerumani. La pili ni mashine. Flashi ijaribiwe kwenye televisheni ile ile itakayotumika, kwa sababu si kila televisheni inasoma kila aina ya faili, na kama nyumba bado ina kisomeo cha DVD, basi diski ni bora. La tatu ni umeme. Kila mtu anajua tabia ya SNEL katika kartie yake, basi filamu iwekwe saa ambayo umeme huwepo, au iandaliwe betri. Mpelelezi anayekatika dakika kumi kabla ya kusema jina la muuaji ni adhabu, si zawadi. La nne ni wingi. Filamu tano zilizochaguliwa zinatosha. Flashi yenye filamu mia mbili zisizo na majina humchosha mzee kabla hajaanza.

Hata kumbukumbu ina dosie yake

Kukumbuka hakumaanishi kusifu kila kitu. Habari ya Derrick yenyewe inafundisha. Horst Tappert, aliyemcheza inspekta huyo kwa karibu robo karne, alifariki mwaka 2008 akiheshimiwa. Mwaka 2013 nyaraka zilionyesha kwamba katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa askari wa Waffen-SS, jambo ambalo hakuwa ameliweka wazi hadharani. Televisheni ya ZDF ya Ujerumani ikaacha kurudia filamu zake. Mtu aliyeuliza maswali katika filamu 281 alikuwa na swali lake mwenyewe lililongoja hadi alipokufa.

Je, hiyo ni sababu ya kumnyima nkambo Derrick wake? Hapana. Ni sababu ya kuzungumza. Wazee wa Lubumbashi wanajua kuliko yeyote kwamba miaka ya zamani ilikuwa na mshahara uliofika kwa wakati, na ilikuwa pia na chama kimoja, na maneno ambayo mtu aliyasema akiwa amefunga mlango. Filamu ya zamani inaweza kufungua mazungumzo yote mawili. Kijana anayesikia tu kwamba "zamani ilikuwa muzuri" amepewa nusu ya hadithi, na nusu ya hadithi, kama dosie yoyote isiyokamilika, haimsaidii kuamua jambo.

Na yetu iko wapi?

Sasa swali lenyewe. Katika flashi hiyo kuna Los Angeles, kuna Munich, kuna Paris. Lubumbashi haimo.

Haimo si kwa sababu haikuwa na chake. Waliokua hapa katika miaka ile hawakumtazama Columbo peke yake. Walimtazama na kumsikiliza Mufwankolo. Kundi la Mufwankolo lilijulikana Katanga yote kwa redio na televisheni, likicheza katika Kiswahili cha Lubumbashi, kile cha nyumbani, cha sokoni na cha kazini, chenye Kifaransa ndani yake na bila aibu yoyote. Michezo yake ilihusu mume na mke, wakubwa na wadogo, pesa, wivu, na ndugu anayefika kutoka kijijini bila kutangaza siku ya kurudi. Kumtazama yeye hakukuhitaji mkalimani. Nkambo na mjukuu walicheka pamoja, kwa neno lile lile, kwa dakika ile ile.

Thamani ya michezo hiyo iliwahi kuonwa hata na watu wa mbali. Mwaka 1986 mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Amsterdam, aliuliza mjini hapa maana ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Kundi la Mufwankolo lilimjibu kwa kutunga mchezo mzima, nao ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni. Fabian aliandika kitabu juu ya kazi hiyo, kikachapishwa Marekani mwaka 1990, na ndani yake maneno ya waigizaji yameandikwa kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani au cha Ulaya anaweza leo kuingia maktaba na kuyasoma maneno hayo yaliyotoka vinywani mwa watu wa Lubumbashi. Kijana wa Bongonga anayetaka kumfurahisha nkambo wake Noeli hii ana njia ngumu zaidi. Vipande vingine huonekana mtandaoni, vimekatwa, havina tarehe, havina majina ya waigizaji. Mkusanyiko safi, wenye orodha na mwaka, wa kununua na kumpa mtu mkononi, si kitu ambacho mtu anakikuta dukani.

Hilo si jambo la kuachia bahati. Mikanda ya zamani ya picha haisubiri. Joto na unyevu huila, na mashine za kuisoma zinatoweka. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Kila mwaka unaopita, mashine nzuri zinapungua, na mafundi wanaojua kuzitengeneza wanazeeka pamoja na mikanda.

Mji huu hauna upungufu wa watu wanaoweza kufanya kazi hiyo. RTNC iko hapa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kupitia mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulioanza mwaka 2000, kimekwisha kuonyesha kwamba kumbukumbu za wakaaji wa kawaida zinaweza kukusanywa kwa heshima na kwa utaratibu. Makumbusho ya taifa yapo. Wasanii wa Picha wameandaa biennale ya mji tangu mwaka 2008 na wanajua kazi ya picha na sauti. Kinachohitajika ni serikali ya jimbo kuwaita hawa wote kwenye meza moja, kutaja nani anashika nini, na kutoa pesa ya kuhamisha mikanda iliyobaki kwenye diski kabla haijageuka vumbi. Kisha vitolewe vikusanyiko vya halali, kwa bei ya watu wa hapa, na waigizaji au familia zao wapate haki yao kupitia SOCODA. Mtu aliyechekesha mji mzima hapaswi kuwa maskini huku sauti yake ikipakiwa bure kwenye kila flashi.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ubishi wa walioshiba. Ada za shule hazijalipwa, maji hayafiki, barabara za ndani ya kartie zinageuka mito mvua ikinyesha, na mashariki ya nchi ndugu wanalala chini ya hema. Yote hayo ni kweli, na hakuna anayeomba bajeti ya maji igeuzwe bajeti ya vichekesho. Lakini kazi hii ni ndogo kwa gharama na ina mwisho unaoonekana, na tofauti na barabara, haiwezi kufanywa baadaye. Barabara iliyoharibika hujengwa tena. Mkanda ukifa umekufa. Wasomaji wa Bukavu, Goma na Kalemie wanajua jambo hilo: ziko nyumba zilizoachwa usiku mmoja, na picha za familia zikabaki ndani.

Wakati serikali ikingojwa, familia za Kampemba zinaweza kuanza peke yao. Nani ana kaseti ya zamani juu ya kabati, ya arusi, ya matanga, ya mchezo uliorekodiwa kutoka televisheni? Isitupwe wakati wa usafi wa sikukuu. Iandikwe jina na mwaka, iwekwe mahali pakavu, itafutiwe fundi ambaye mashine yake bado inazunguka. Na usiku ule wa Columbo, filamu ikiisha, simu iwekwe mezani irekodi. Nkambo aulizwe ni mchezo gani wa Mufwankolo anaoukumbuka. Atausimulia, ataigiza sauti za watu wote, na atakosea mwisho. Bibi atamsahihisha kutoka jikoni akiwa na mwiko wa bukari mkononi, nao watabishana.

Ubishi huo urekodiwe wote, utajwe tarehe na majina. Bonane ya mwaka ujao, kutakuwa na kitu cha Lubumbashi cha kuweka kwenye flashi.